Tokeni ya shilingi elfu moja inaisha kwa siku sita: ni chombo gani kinachokula umeme?

Mama Zuhura, Kisauni

Asalaam aleikum, ndugu zangu. Ninaleta swali hili baada ya kulizungusha kichwani kwa zaidi ya miezi mitatu bila ya kupata jawabu. Tulihama Tudor mwezi wa tatu, tukaja kukaa Kisauni katika jengo la ghorofa, orofa ya kwanza. Kule Tudor tulikuwa tukinunua tokeni ya shilingi 1,000, tukipata yuniti 38 hivi, nazo zilitutosha siku kumi na mbili. Hapa Kisauni tokeni ya pesa zizo hizo inatutosha siku sita, na mara ya mwisho niliposoma ujumbe kwenye simu niliona kwamba hata yuniti zenyewe zimepungua na kuwa 34. Watu ni wale wale sita, na vyombo ni vile vile tulivyotoka navyo.

Nyumbani tuna friji ya milango miwili ambayo tuliinunua ikiwa imetumika, televisheni na dekoda yake, pasi, birika la umeme, feni mbili na taa. Kupika tunapikia gesi, na shawa ya umeme hatuna. Jambo jipya ni moja tu: tangu tuhamie hapa nimeanza kugandisha barafu za ukwaju, kiasi cha lita sita kwa siku, ninazowauzia watoto wanaotoka madrasa. Baba Zuhura anashikilia kwamba mwizi ni pasi, kwa kuwa kila ikiwashwa mita hukimbia. Mama mkwe wangu naye ana yakini kwamba ni televisheni, na sasa huizima hata watoto wakiwa katikati ya kutazama. Mimi sitaki tuendelee kulaumiana, wala sitaki kuacha biashara yangu kwa kukisia tu. Nawezaje kujua kwa hakika ni chombo gani kinachotumaliza?

Mwalimu wa Likoni

Wa aleikum salaam, Mama Zuhura. Umeuliza vizuri, kwa sababu watu wengi huanza kwa kulalamikia mita kabla ya kuhesabu.

Chombo hakihukumiwi kwa ukubwa wa nguvu yake peke yake, bali kwa nguvu hiyo pamoja na muda kinaokaa kikifanya kazi. Yuniti moja ni wati 1,000 zikitumika kwa saa nzima. Pasi ya wati 1,200 humtisha Baba Zuhura kwa kuwa anaiona mita ikikimbia mbele ya macho yake, lakini ukipiga sare za watoto kwa dakika ishirini kila jioni, hata kama pasi isingekuwa inajikata yenyewe kila ikipata moto, isingevuka yuniti 0.4 kwa siku. Sasa tazama feni, ambayo hakuna anayeishuku: feni moja ya wati 60 ikizunguka saa nane za usiku inakula yuniti 0.48, na mbili zinakaribia yuniti nzima, yaani zaidi ya mara mbili ya pasi. Sikuambii uzizime mkalala kwa joto, la hasha. Lakini feni haipoozi chumba, inapepea ngozi ya mtu aliyemo ndani, na kwa hiyo feni inayozunguka katika chumba kisicho na mtu ni umeme unaomwagwa.

Ama televisheni, ya kisasa ya inchi 32 hutumia kama wati 50, na kwa saa sita inakula yuniti 0.3. Dekoda ya wati 12 inayoachwa ikiwaka usiku na mchana inakula karibu kiasi kile kile, yuniti 0.29 kwa siku, ambazo kwa mwezi zinakaribia tisa. Mwambie mama kwamba akitaka kusaidia na azime dekoda kwenye soketi wakati wa kulala, na watoto awaachie kipindi chao.

Birika usilidharau. Kuchemsha lita moja na nusu ya maji ya mfereji hapa kwetu, ambayo tayari yana joto la nyuzi 28 hivi, kunachukua kama yuniti 0.14. Likijazwa mara nne kwa siku kwa ajili ya kikombe kimoja kimoja, hizo ni yuniti kumi na saba kwa mwezi. Chemsha mara moja na utie kwenye chupa ya chai.

Sasa namna ya kujua kwa hakika. Kwenye mita yako pana taa ndogo nyekundu inayopepesa, na pembeni yake pameandikwa idadi ya mipepeso kwa kila yuniti, aghalabu 1000 au 1600. Kama ni 1000, basi kila inapopepesa umetumia sawa na wati moja kwa saa nzima. Zima kila kitu, uchomoe vyombo vyote ila kimoja, ukae na saa yako uhesabu kwa dakika kumi. Ikipepesa mara 25, kwa saa nzima ingekuwa mara 150, basi chombo hicho kinakula wati 150. Halafu fanya jaribio la pili, ambalo watu hulisahau: zima hata swichi kuu ya nyumba yako, uitazame taa hiyo kwa muda mrefu, mchana na pia usiku. Ikiendelea kupepesa ilhali ndani kwako hakuna kinachowaka, kuna waya unaotoka kwenye mita yako na kwenda pasipo pako.

Kuhusu yuniti kupungua kutoka 38 hadi 34, sababu moja ya kuangalia ni kundi la bei uliloingia. Bei hupangwa na EPRA, mamlaka ya Kenya inayosimamia nishati, na tangu Aprili 2023 wateja wa nyumbani wamegawanywa katika makundi matatu: wanaotumia hadi yuniti 30 kwa mwezi, wanaozidi hapo hadi 100, na wanaopita 100. Hutazamwa wastani wa miezi mitatu, na wa juu hulipa ghali zaidi kwa kila yuniti. Kwa hesabu ya tokeni zako, Tudor mlikuwa mkitumia kama yuniti 95 kwa mwezi, chini kidogo ya mpaka. Sasa mko kwenye 170. Kwa hiyo mnaumia mara mbili, kwa wingi na kwa bei. Gharama ya mafuta ya kuzalishia umeme nayo hubadilika kila mwezi, na juu ya hayo kuna kodi ya VAT ya asilimia 16, hivyo usishangae idadi ikipanda au kushuka kidogo hata matumizi yasipobadilika.

Fundi Friji, Majengo

Mama Zuhura, salaam. Mimi natengeneza friji na viyoyozi, na katika vyombo ulivyovitaja nitakwenda moja kwa moja kwenye friji, kwa sababu ndiyo pekee isiyolala.

Friji isiyo na hitilafu haifanyi kazi wakati wote. Kompresa huwaka, ikapooza, ikajizima ikapumzika, kisha ikaanza tena. Kwa hali nzuri hupumzika nusu ya muda au zaidi. Yenye kompresa ya wati 130 ikipumzika hivyo inakula kama yuniti moja na nusu kwa siku. Friji hiyo hiyo ikikosa kupumzika inakula zaidi ya tatu, na wewe huoni tofauti yoyote, kwa kuwa maji bado ni baridi na nyama bado imeganda. Ndiyo maana nasema uisikilize. Usiku nyumba ikitulia, vuta kiti ukae jikoni, uhesabu dakika inazonguruma na dakika inazonyamaza. Isiponyamaza kabisa kwa saa nzima, umepata jawabu.

Sababu kubwa ninazoziona hapa Mombasa ni hizi. Ya kwanza ni mpira wa mlango. Kwa joto letu na unyevu wetu, mpira hukakamaa, hupasuka kwenye kona, au huota ukungu mweusi ukawa haushiki. Chukua noti ya shilingi hamsini, ifungie mlangoni nusu iwe nje, kisha ivute. Ikitoka bila ya kukazana, hewa ya moto inaingia mahali hapo usiku kucha. Zunguka mlango mzima, kona ya chini upande wa bawaba ndiyo huharibika kwanza. Kabla ya kununua mpira mpya, osha huo ulio nao kwa maji ya uvuguvugu na sabuni, ukauke, halafu uupashe moto kidogo kwa taulo iliyochovywa maji ya moto ili ulainike. Mara nyingi hurudi ukashika.

Ya pili ni mahali ilipowekwa. Friji haiumbi baridi. Inatoa joto lililomo ndani na kulitupa nje kupitia mabomba ya nyuma au ya ubavuni. Ukiibana kwenye kona karibu na jiko la gesi, au ukaiegemeza kwenye ukuta unaopigwa na jua la alasiri, hilo joto haliendi popote. Iache nafasi ya upana wa kiganja nyuma na pembeni, na kama mabomba ya nyuma yameota vumbi na mafuta ya jikoni, yafute kwa brashi laini wakati imechomolewa.

Ya tatu ni barafu inayojengeka kwenye friza isiyojiyeyusha yenyewe. Barafu hiyo ni kama blanketi kati ya mabomba na chakula. Ikifika unene wa kidole, yeyusha. Usiitoe kwa kisu, nakusihi. Kila mwezi naletewa friji zilizotobolewa kwa kisu, gesi yote imetoka, na gharama yake ni ya kununua tokeni za miezi.

Ama barafu zako za ukwaju, hapo hesabu ni ya haki na usiione kama dhambi. Maji yakifika nyuzi sifuri bado hayajaganda. Kuyafanya yagande kunahitaji kutoa joto jingine ambalo ni karibu mara tatu ya lile lililotolewa kuyashusha kutoka joto la mfereji. Kwa friji ya kawaida, lita kumi hula kama yuniti moja, hivyo lita zako sita ni yuniti 0.6 kwa siku. Hiyo ni gharama ya biashara, iweke kwenye bei kama unavyoweka sukari na ukwaju. Lakini usitie juisi ikiwa ya moto kutoka sufuriani: iache ipoe kwanza kwenye sinia la maji, maana nyuzi zote zinazotoka zenyewe hewani hulipii.

Kijana wa Mtwapa

Shikamoo fundi, na wewe mwalimu. Sisi nyumbani tunazima friji saa nne ya usiku na kuiwasha alfajiri, na tunaona tokeni inakwenda mbele. Kwa nini usimshauri Mama Zuhura afanye hivyo?

Fundi Friji, Majengo

Marahaba, mwanangu. Siwezi kumshauri hivyo. Usiku ikiwa imezimwa, joto linaingia taratibu, na alfajiri kompresa inaanza kazi ya kulitoa lile lile lililoingia, tena bila ya kupumzika. Unachookoa ni kidogo, na kinatokana na kwamba ndani palikuwa na joto zaidi usiku, yaani chakula chako ndicho kilicholipa. Samaki aliyekaa saa saba hivyo na kugandishwa tena simli mimi. Na yule anayegandisha barafu angelazimika kuzigandisha upya kila siku. Kama friji yenu inaleta nafuu kubwa namna hiyo ikizimwa, basi ina ugonjwa, na ninyi mnauficha kwa kuizima. Piga noti kwenye mlango kwanza.

Bi Nyali

Nataka kuongeza kuhusu viyoyozi, kwa kuwa Mama Zuhura hana lakini wengi wanaosoma hapa wanavyo, au wanafikiria kununua kaskazi ikianza kuwaka Desemba. Changu ni cha BTU 12,000, yaani kipimo cha uwezo wake wa kupooza, ambacho kikifanya kazi kinavuta zaidi kidogo ya wati 1,000. Mwanzoni nilikiweka nyuzi 18 nikidhani kitapooza chumba haraka zaidi. Sivyo: kinapooza kwa mwendo ule ule, ila hakifiki mahali pa kupumzika. Sasa nakiweka nyuzi 26 pamoja na feni ndogo ya wati 50, na baada ya saa moja ya kwanza nasikia kikipumzika. Jingine ni chumvi ya bahari. Sisi tulio karibu na ufuo, mapezi ya ile sehemu ya nje, yaani vile vibati vyembamba vinavyopitisha hewa, huliwa na kutu, hewa haipiti, na umeme hupanda mwaka hadi mwaka bila ya mtu kuelewa. Mimi humwita fundi aoshe kwa maji matamu kila baada ya miezi mitatu. Kusi ikiingia na hali ya hewa ikipoa, kuanzia Juni nakichomoa kabisa hadi Oktoba.

Mama Zuhura, Kisauni

Ndugu zangu, nimerudi baada ya wiki mbili, na nina mengi ya kueleza. Mwenyezi Mungu awalipe kheri.

Nilianza na friji. Nilikaa jikoni usiku saa tano na daftari la Zuhura mkononi, na kwa dakika hamsini friji ilinyamaza mara moja tu, kwa dakika nne. Mita yetu imeandikwa 1000, na kwa dakika kumi friji peke yake ikapepesa mara 24, yaani wati 144. Noti ya hamsini ilitoka bila ya kuvutwa kwenye kona ya chini, kama fundi alivyosema, na mpira mahali hapo ulikuwa mgumu kama mkaa. Friji yenyewe tuliibana kati ya jiko na ukuta wa magharibi siku ile ya kuhamia, kwa sababu soketi ndiko ilikokuwa, na hakuna aliyefikiri tena. Ukuta huo saa kumi alasiri hauwekeki mkono. Tumeihamishia upande wa mlango, tumeosha mpira, na kona iliyokataa kabisa kushika tumeitia mpira mpya. Sasa inanguruma dakika kumi na tano na kunyamaza dakika kumi na mbili au kumi na tatu. Juisi ya ukwaju naipooza kwenye beseni kabla ya kuitia.

Lakini kubwa ni lile jaribio la pili. Mchana nilizima swichi kuu, taa ya mita ikatulia, nikadhani tumemaliza. Baba Zuhura akasema turudie usiku kama mwalimu alivyotaka. Saa sita kasoro robo, nyumba yote giza na watoto wamelala, taa ikaanza kupepesa yenyewe. Nilihesabu mara 17 kwa dakika moja. Tulitazamana, na katika ule ukimya tukasikia kule chini pampu ya maji inavuma, ile inayopandisha maji kutoka kisimani hadi matangi ya juu ya paa kwa ajili ya nyumba zote nane za jengo. Tukangoja. Baada ya dakika hamsini na tano pampu ikanyamaza, na taa ya mita yetu ikatulia dakika hiyo hiyo. Tumefanya hivyo usiku tatu mfululizo, na kila mara pampu na taa zilianza pamoja na kuacha pamoja.

Sitaki kumtuhumu mtu kwa kusudi, kwa sababu msimamizi wa jengo anasema waya ulivutwa zamani, nyumba hii ilipokuwa tupu, na huenda ni kweli. Fundi wa umeme mwenye leseni alikuja juzi, akautoa na kuupeleka kwenye mita ya jengo. Yaliyobaki ni yuniti tulizokwisha kulipia. Mwenye nyumba anasema ni kidogo mno kuhesabiwa, na mimi nashindwa kumjibu kwa sababu sijui nihesabu vipi. Tumekaa hapa siku 112 kabla ya waya kuondolewa.

Mwalimu wa Likoni

Mama Zuhura, hongera kwa subira yako, na nimefurahi zaidi kwamba mlirudia usiku. Hesabu ni hii. Mara 17 kwa dakika ni mara 1,020 kwa saa, yaani pampu inavuta wati 1,020, ambayo inalingana na pampu ya nguvu ya farasi mmoja. Kwa dakika 55 ni yuniti 0.93 kila usiku. Kwa siku 112 ni yuniti 104. Mwezi mmoja wa matumizi yenu yote mlipokuwa Tudor haukufika hapo, kwa hiyo si kidogo.

Bei usiikisie. Chukua jumbe za tokeni zote ulizonunua tangu mwezi wa tatu, jumlisha pesa, jumlisha yuniti, kisha gawanya pesa kwa yuniti. Kama wastani utakuwa kwenye shilingi 28, kwa mfano, madai yako ni shilingi 2,912. Andika kwenye karatasi moja: tarehe tatu mlizotazama, saa ya kuanza na ya kuacha, idadi ya mipepeso kwa dakika, jina la fundi na siku aliyotoa waya. Mpe mwenye nyumba nakala kwa heshima, na umwombe azikate kwenye kodi ya mwezi ujao. Mtu akionyeshwa hesabu anayoweza kuirudia mwenyewe kwa mita ya jengo, ambako pampu hiyo inapepesa sasa, huwa vigumu kusema kwamba haihesabiki.

Na usiache kusoma mita kila asubuhi kwa muda wa miezi mitatu. Mkitoa pampu na ile ziada ya friji mtakuwa mnakaribia yuniti 110 kwa mwezi. Zimebaki kumi za kuvuka kurudi kwenye kundi la bei ya chini, na dekoda peke yake ikizimwa usiku itawapa karibu tatu.

Mama Zuhura, Kisauni

Nimejumlisha usiku huu, mwalimu. Wastani umetoka shilingi 29 na senti 10. Barua naiandika kesho baada ya sala ya alfajiri, na Baba Zuhura ataipeleka. Mama mkwe wangu ndiye anayezima dekoda siku hizi, na watoto wamerudishiwa kipindi chao.